Ushauri jamani: chuo kimefungwa, mradi wangu wa kufuma umekwama nyumbani. Nimalize au niahirishe mwaka?

UziWaMiyaa (mwanzisha uzi)
20 Juni 2020, saa 2:40 usiku

Salaam wanajamvi. Naomba mnisikilize, wiki ya pili hii usingizi umenihama.

Niko mwaka wa mwisho, nasomea ubunifu wa vitambaa Nairobi. Vyuo vilipofungwa Machi nikarudi kwetu Msambweni, Kwale. Tulidhani ni wiki mbili tatu, sasa miezi mitatu imepita. Mradi wangu ni mita 6 za kitambaa cha pamba, na ruwaza zake nimezitoa kwenye ukili (ule utepe wa kusukwa) wa mikeka anayosuka nyanya yangu. Chuoni nilikuwa na rangi za madukani, mizani na meza ndefu ya kutandaza kazi. Hapa nina jiko la kuni na sufuria iliyopikiwa wali mchana.

Rangi nimeanza kujitengenezea. Muuza chipsi ananiwekea maganda ya vitunguu, makumbi ya nazi yako tele, shabu ya kushikisha rangi nanunua kwa muuza dawa za miti. Nimeshafuma mita 2 na nusu, lakini uzi wa mshindio, ule wa kupitisha kwa upana, unaniishia, na barabara zimefungwa: Nairobi hakutokeki, Mombasa hakuingiliki.

Masomo yako kwenye simu. Mtandao unashika chini ya mwembe wa jirani tu. Mwalimu anataka picha za kitambaa, na mimi najiuliza, kitambaa utakijuaje bila kukishika? Kazi inatakiwa mwisho wa Julai. Nimalize hivi hivi, au niandike barua niahirishe mwaka?

MamaLeso
20 Juni, saa 3:05 usiku

Mwanangu pole. Mimi nauza leso Mombasa mwaka wa 19 huu. Ushauri wangu, achana na kufuma, chora leso. Leso haikudai mtambo, inadai karatasi na kalamu. Pindo unalijua, mji, yaani pale katikati, unaujua, kilichobaki ni jina, ule msemo wake, na majina mwaka huu yamejaa tele. Wateja wangu wananiuliza kila siku kama kuna leso mpya ya kuwapa moyo, nawaonyesha za mwaka jana. Weka ukili wa nyanyako kwenye pindo, mji uache wazi, uone kama hutanitafuta mwenyewe.

FundiGerezani
20 Juni, saa 3:31 usiku

Mdogo wangu, huku Tanzania vyuo vimefunguliwa tangu 1 Juni. Ningekuambia uvuke, ila mpaka umefungwa kwa abiria tangu Mei, wanapita madereva wa mizigo tu.

Mimi ni mtu wa batiki. Wateja wangu walikuwa watalii, walipoacha kuja nikabaki na doti 60 ukutani. Nikazikata zote, nikashona barakoa. Roho iliniuma, kuna batiki moja nilipiga nta siku nne. Shirika la Afya Duniani limeshauri mwezi huu tabaka 3 kwa barakoa za kitambaa, basi batiki naweka nje, ndani pamba nyepesi. Zinauzika. Wewe una mita 2 na nusu mkononi, hapo kuna barakoa ngapi?

MwalimuMstaafu
20 Juni, saa 4:10 usiku

Binti, kuhusu uzi kuisha usikate tamaa. Wafumaji wa kisiwa cha Pate, Lamu, karne ya 16 walikuwa wakipata vitambaa vya hariri kutoka ng'ambo, wanavifumua uzi kwa uzi, kisha wanafuma upya kwa mtindo wao. Kitambaa cha Pate kilisifiwa pwani yote. Fanya kama wao. Tafuta sweta au kikoi kikuukuu, ufumue. Mitumba mipya haiingii nchini tangu Machi, lakini makabati ya majirani hayajafungwa.

Nawaambia vijana kila siku: kizazi chenu kimezoea kuletewa. Sisi tulisoma kwa kibatari.

MfumiWaKikoi
21 Juni, saa 12:20 asubuhi

Nimesoma yote. Swali moja dogo: unafumia mtambo wa aina gani? Na mtambo wenyewe ni wa nani?

UziWaMiyaa
21 Juni, saa 1:15 asubuhi

Asanteni sana wote. Mama, wazo la leso nimelipenda, nitalichora, ila mradi uliosajiliwa ni wa kufuma na hawabadilishi. Kaka wa Gerezani, pole kwa batiki zako, lakini kitambaa changu siwezi kukikata hata kidogo, mwongozo unadai kipande kimoja. Mwalimu, la Pate sikulijua kabisa! Leo nitafumua sweta la shule la kaka yangu.

MfumiWaKikoi
21 Juni, saa 1:40 asubuhi

Umejibu watu wote umeniruka mimi. Narudia, kwa sababu jibu la swali lako linategemea hapo. Mtambo ni wa nani?

BabaWawili
21 Juni, saa 2:02 asubuhi

Mfumi, muache mtoto wa watu. Mimi nilikuwa mpishi hotelini Diani, Machi tukaitwa ukumbini watu wote tukaambiwa tusubiri simu. Simu haijaja. Sasa nakaanga viazi karai barabarani na mke wangu ndiye mweka hazina. Kila mtu ameshika alichokipata.

UziWaMiyaa
21 Juni, saa 3:55 usiku

Nimekaa na simu mchana kutwa. Sawa, nasema.

Mtambo ni wa chuo. Ni ule mdogo wa mezani, fremu nne. Siku tunaondoka bwenini mlango wa karakana ulikuwa wazi, mzee wa stoo hayupo, daftari lake limefungiwa kabatini. Nilikuwa nimeshapanga mtande wangu juu yake, zile nyuzi za urefu, nyuzi 480, kazi ya siku sita. Nikaufunga kwa leso mbili nikaondoka nao. Nilikusudia kumpigia simu nikifika. Sikupiga.

Juzi kwenye kundi la darasa tumeambiwa vifaa vimehesabiwa na mtambo mmoja haupo. Mzee wa stoo ataanza kukatwa mshahara kuanzia Julai mpaka thamani yake itimie. Mzee huyu ndiye alinifundisha kufunga fundo la mfumaji mwaka wa kwanza.

Lakini tuelewane, sikuiba. Nilijua nitaurudisha. Na sasa siwezi kuusafirisha hata nikitaka, mtande uko juu yake na kazi iko katikati. Nikiutoa lazima nikate, nikikata mradi umekufa. Ndiyo maana nafikiri nimalize kwanza, Julai ikiisha nirudishe, na mzee nimlipe kidogo kidogo nitakapopata kazi. Nimeshaanza kufuma usiku pia.

MwalimuMstaafu
21 Juni, saa 4:20 usiku

Binti, hapo umeniumiza. Mshahara wa mzee mwezi huu ni unga wa wajukuu zake mwezi huu. "Nitakapopata kazi" hailiwi.

MamaLeso
21 Juni, saa 4:33 usiku

Mwanangu mimi sikuhukumu, hofu hufanya mtu afanye mengi. Ila mpigie.

Mchunguzi77
22 Juni, saa 5:12 asubuhi

Ngojeni. Mimi naona hii ni chai. Moja, mabasi ya usiku na kafyu ile, mtambo ulipitaje? Mbili, mtambo wa kufumia ni kama kitanda, nimeuona makumbusho, msichana mmoja hawezi kuubeba. Tatu, nimechungulia nyuzi zake za nyuma humu, wiki iliyopita aliandika kwamba ametia uzi rangi ya kijani kwa maganda ya vitunguu. Vitunguu vyekundu vitoe kijani? Mtu ametunga hadithi ya huzuni, kesho analeta namba ya kutumiwa pesa. Nimeona nyingi.

FundiGerezani
22 Juni, saa 5:40 asubuhi

Hiyo ya kijani hata mimi ilinishtua kidogo. Mdogo wangu, eleza.

BabaWawili
22 Juni, saa 5:52 asubuhi

Kama ni uongo mimi nitakasirika, nimeshamsimulia mke wangu.

UziWaMiyaa
22 Juni, saa 8:30 mchana

Sijaomba pesa na sitaomba.

Kafyu ilianza 27 Machi. Mimi niliondoka 18 Machi. Mtambo wa mezani una uzito wa mtoto wa miaka mitatu, fremu zinakunjwa. Kondakta alinitoza nauli ya mzigo. Likoni niliingia nao feri kwenye mkokoteni, mwenye mkokoteni akaniuliza kama ni kinanda.

Rangi ni hivi. Pamba haipokei maganda ya vitunguu upesi. Kwanza naloweka uzi usiku kucha kwenye maji mazito ya majani ya chai. Asubuhi nauchemsha taratibu kwenye maji ya shabu, nauacha upoe humo humo. Ndipo nauingiza kwenye supu ya maganda, na hapo unatoka manjano iliyoiva, karibu na dhahabu. Sasa, nina mtungi wa misumari yenye kutu niliyoiloweka kwenye siki. Nikitia kijiko kimoja cha maji hayo kwenye karai na kuuchovya uzi wa dhahabu, unageuka mbele ya macho yako, unakuwa kijani cha zeituni. Ukizidisha kutu unaenda kahawia nyeusi na uzi unachoka, unakatika. Niliharibu vibunda viwili kabla ya kujua kiasi. Nimefua kwa sabuni ya mche mara tano, kijani kimepungua kidogo tu.

Chuoni nisingeyajua haya, rangi ilikuwa kwenye kopo. Huku kila kibunda kina tofauti yake, na nimeanza kupanga ruwaza kwa kufuata tofauti hizo. Nyanya anasema ukili nao uko hivyo, miyaa iliyochovywa Jumatatu si ya Ijumaa.

FundiGerezani
22 Juni, saa 8:51 mchana

Huyu ni mtu wa kazi. Mchunguzi, hilo la kutu kuchosha uzi hulijui mpaka ukatike mkononi mwako.

Mchunguzi77
22 Juni, saa 9:10 alasiri

Haya, la rangi nakubali, nimemuuliza shangazi yangu naye kasema hivyo hivyo. Samahani dada.

MfumiWaKikoi
22 Juni, saa 3:18 usiku

Sasa nisikilize mimi. Unasema ukiutoa mtande mradi umekufa. Si kweli, na nadhani mwenyewe unajua.

Chukua vijiti viwili laini, vipitishe kwenye msalaba wa mtande, pale nyuzi zinapopishana, nyuma ya vitanzi vinavyoinua nyuzi, uvifunge ncha kwa ncha visichomoke. Msalaba ukikaa, nyuzi 480 zinajua zamu yake hata ukizitupa baharini. Kaza mtande kwa kamba kila nusu mita. Kisha fuma mistari kumi ya uzi mnene, kata kitambaa chako hapo. Chomoa nyuzi kwenye chanuo, kile kitana cha kusukumia uzi, na kwenye vitanzi kwa kurudi nyuma, polepole, ukizungusha mtande kwenye mti wa ufagio. Mtambo uko huru.

Mita zilizobaki funga upande mmoja kwenye huo mwembe wako wa mtandao, upande wa pili kiunoni. Mgongo wako ndio utakaokaza. Vitanzi tengeneza kwa uzi na fimbo. Ruwaza utaziokota kwa vidole, na hapo mkalishe nyanyako pembeni, maana anayehesabu miyaa maisha yake yote hakosei hesabu ya nyuzi. Mwalimu mwandikie kwamba vipande ni viwili: kimoja cha mtambo, kimoja cha kiuno. Mwambie na sababu.

UziWaMiyaa
22 Juni, saa 4:02 usiku

Mwongozo unasema kipande kimoja. Na hata nikiutoa, barabara zimefungwa, utaenda vipi? Hamuoni kwamba kukaa nao tu ndiyo njia?

MfumiWaKikoi
22 Juni, saa 4:06 usiku

Malori ya mizigo yanapita. Simu inapita bila kibali.

BabaWawili
22 Juni, saa 4:30 usiku

Jirani yangu anaendesha lori la nazi kwenda Nairobi kila wiki ana cheti chake cha kupimwa. Nitamuuliza.

UziWaMiyaa
1 Julai, saa 1:25 usiku

Wanajamvi, nilikaa kimya wiki nzima kwa sababu nilikuwa naogopa.

Jana nimempigia mzee wa stoo. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikayasoma nikilia. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kama chanuo limeota kutu, maana pwani kuna chumvi. Nikamwambia limeanza kona moja. Akaniambia nipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, kila jino, nisitumie msasa. Baada ya hapo ndipo akanifokea, na nilistahili.

Nimeandika barua kwa mkuu wa idara, nimetaja jina langu na tarehe. Makato ya mzee wamesema wanayasimamisha wakipokea mtambo. Kunihusu mimi bado hawajasema, kuna kikao. La vipande viwili mwalimu amesema ataliangalia akiona kazi, hakuahidi.

Lori la nazi linapita Ijumaa. Baba, mwambie jirani yako mtambo usiwekwe chini ya magunia.

BabaWawili
1 Julai, saa 1:40 usiku

Utakaa mbele, kwenye kiti. Nimeshamwambia.

MamaLeso
1 Julai, saa 1:58 usiku

Alhamdulillahi. Sasa na mchoro wangu wa pindo je?

MfumiWaKikoi
1 Julai, saa 2:15 usiku

Kabla hujakata. Vijiti vya msalaba umevifunga pande zote mbili?

UziWaMiyaa
1 Julai, saa 2:31 usiku

Nimevifunga, kwa uzi mwekundu wa lile sweta. Nyanya amekagua mafundo, moja amelifungua akalifunga upya mwenyewe.