Mpwa wangu amevimba tezi za shingo, dawa za TB hazijasaidia, sasa wataka kumkata. Nisaidieni

mtongwe_juu:
Asalaam aleikum wenzangu, naomba ushauri na msichoke kusoma maana mambo ni mengi. Mtoto wa dadangu, kijana wa miaka 24, hubeba mizigo hapo soko la Kongowea. Alianza kuvimba tezi za shingo upande wa kushoto, haziumi, ukizigusa ni kama mpira hivi na zimeshikana. Jioni homa, usiku jasho mpaka shuka yabidi ibadilishwe, na amekonda hata watu wa sokoni wamuuliza yuaumwa nini. Tukampeleka hospitali moja, eksirei ya kifua safi, makohozi safi, wakasema hii ni TB ya tezi aanze dawa. Ile miezi miwili ya mwanzo imepita yuko awamu ya pili na tezi zazidi, saa hii ana kwapani na mitoki kwa kinena. Wakamchoma sindano nyembamba wakavuta, majibu ati hakuna saratani, ni tezi zimechokozeka tu. Sasa daktari wa upasuaji asema lazima itolewe tezi nzima yuaogopa ni limfoma, yaani saratani ya tezi. Dadangu amekataa katakata, asema uvimbe ukiguswa na chuma wasambaa mwili mzima. Na kliniki ya mtaani washamwandikia prednisoloni za kushusha uvimbe, bado hajameza. Mwasemaje, tumalize kwanza miezi sita ya TB ama akatwe? Na kama sindano imesema hamna, kisu cha nini tena?

binti_wa_bamburi:
Pole sana ndugu yangu, Mungu amuafu. Mimi niko na dadako, amu yangu alikatwa uvimbe na baada ya hapo hakukaa akatutoka. Kuna mzee Kwale atoa dawa za mizizi, amewasaidia watu, ningejaribu huko kwanza.

darubini_tudor:
Ndugu, niko maabara ya histolojia, pale vipande vya mwili hupimwa kwa darubini, kwa miaka, nisikize kwa makini. Jambo la kwanza kabisa hizo prednisoloni asimeze hata kidonge kimoja kabla kipande hakijatoka, labda daktari wake mwenyewe aone shingo inambana pumzi. Limfoma ikipata dawa hiyo husinyaa, mgonjwa ajiona amepona, mukija kukata patholojisti, daktari anayesoma kipande, aona seli zilizokufa na hawezi kusema ni nini, halafu uvimbe warudi na nguvu na nyinyi mmepoteza muda.

Sasa kuhusu sindano. Sindano nyembamba yavuta seli zikiwa zimetawanyika, na limfoma hujulikana kwa vile seli zilivyojipanga ndani ya tezi. Tena ile aina ya Hodgkin seli zenyewe za ugonjwa ni chache mno, zimezungukwa na seli nyingi za kawaida, sindano yaweza kuzipita kabisa ikatoka na hizo za kawaida ndio mwaambiwa tezi imechokozeka. Kwa TB sindano ina faida, yale maji yakiwekwa kwenye GeneXpert, mashine ya kupima TB, jibu latoka kwa kama masaa mawili, uliza kama walifanya hivyo ama waliangalia tu kwa darubini. Lakini kufunga faili ya limfoma kwa jibu la sindano, hapana, mimi siwezi kukubali.

Na kipande kikitoka, hapa ndipo tunapoharibu wengi. Saa nyingi jamaa ndio hubebeshwa kichupa kupeleka maabara. Kiwe cha mdomo mpana, ndani fomalini ya asilimia 10, ile dawa ya kuhifadhi kipande kisioze, na iwe nyingi angalau mara kumi ya ukubwa wa tezi, na tezi ikatwe katikati ili dawa iingie ndani. Nimepokea tezi zimeletwa kwa glavu kavu, joto hili letu la Mombasa, ukiifungua imeshaoza na hakuna mtaalamu duniani atakayeisoma, naumia sana maana mtu amepasuliwa bure. Kabla ya fomalini mwambieni daktari akate kijipande kingine aweke kwenye maji ya chumvi ya hospitali kwa ajili ya TB, fomalini huua vijidudu na kuotesha hakutawezekana tena.

mtongwe_juu:
Wallahi haya hakuna aliyetueleza. Na wakisema ni limfoma ndio basi twaanza kemo?

darubini_tudor:
Hapo bado. Rangi ya kawaida tunayopaka kipande maabara yaweza kuonyesha ni limfoma lakini aina yake isijulikane, na kila aina ina dawa zake. Ndio huitishwa imunohistokemia, kipimo cha kutafuta alama zilizo kwenye seli kama CD20, CD3, CD30. CD20 ikiwaka ndio dawa ya rituksimabu yaingia kwenye mpango, isipowaka ni pesa mwamwaga. Si kila maabara ina dawa hizo, kwa hivyo ombeni kile kipande cha nta, ile bloku ambayo tezi imegandishwa ndani yake. Haiozi, yasafirishwa hata kwa basi mpaka Nairobi, na yaweza kupimwa tena bila kumkata kijana mara ya pili. @binti_wa_bamburi pole kwa amu yako dadangu, lakini limfoma husafiri yenyewe kwenye mwili, hata hizo tezi za kwapani na kinenani zimevimba na bado hajaguswa na kisu. Kukata tezi moja hakuisambazi.

nesi_likoni:
Naongeza mawili. Dawa za TB asiache mwenyewe, maana hata TB ya kweli tezi huweza kuvimba zaidi dawa zikiendelea, ndio sababu twataka kipande tuache kubahatisha. Na tezi ya kutolewa iwe ile kubwa ya shingo, si ya kinena. Kijana abeba mizigo, vidonda vya miguu tu vyaweza kuvimbisha kinena na jibu litoke halina maana. HIV apime, na vipimo vya damu vya hemogramu, LDH na hepatitis B wasisahau.

mama_wawili:
Mume wangu alikuwa na Hodgkin na yuko hai yuafanya kazi, mwambie dadako hivyo. Ugonjwa huu wengi hupona hata ukiwa umeenea. Angalieni jina kwa chupa na kwa fomu yasipishane, chukueni namba ya maabara mupige simu wenyewe, msikae mkingoja kuitwa. Na SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, iwe hai mapema, asiyeajiriwa hulipa ya mwaka mzima.

mtongwe_juu:
Nimemsomea dadangu yote, habari ya huyo mume wa mama_wawili ndiyo iliyomlainisha. Amekubali. Auliza tu, mtoto atalazwa?

darubini_tudor:
Alhamdulillahi. Tezi ya shingo wengi huchomwa ganzi pale pale na jioni wako nyumbani. Avae shati la vifungo lisipite kichwani. Na siku moja kabla ulizeni kama thieta wana fomalini ama ni nyinyi mtanunua.