SSD mpya, Debian au Mint? Kugawa diski kunagoma

kadi_nkuhungu: Wakuu habari za leo. Nina laptopu ya kazi, nachapa barua na kadi za harusi hapa Nkuhungu, Dodoma. Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 14, 2025, nikaamua kuhamia Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta. Kila nikifika pa kugawa diski, programu ya kusakinisha inajifunga. Mara tatu sasa. Nina elfu tisini: ninunue SSD, diski ya kasi isiyozunguka, au nijaribu aina nyingine ya Linux, Debian au Mint? Ijumaa nina kazi ya mteja.

fundi_makole: Mkuu, hapo tutakisia tu. RAM ngapi? Diski imepangwa kwa MBR, mfumo wa zamani, au GPT, ule mpya? Unafuta Windows au unaweka pembeni yake? Na iliyogoma ni Linux gani?

binti_kondoa: Nunua SSD. Hata ukitatua hilo, diski ya kuzunguka itakuchosha.

mzee_ipagala: Asinunue kitu kabla hajajua tatizo. Mimi nilipata kompyuta ya mtumba ikawa inagoma hapohapo. Nikanunua diski nyingine nikaifunga pamoja na ile ya zamani, bado ikagoma. Wiki mbili nahangaika. Kumbe ile ya zamani iliwahi kuwa kwenye RAID, yaani diski kadhaa zilizounganishwa kama moja, alama zake zimebaki, programu inazisoma inachanganyikiwa. Dawa ni wipefs, amri ya kufuta alama hizo. Ila niliiendesha usiku, nimechoka, nikaandika sdb, jina la diski ya pili, badala ya sda. Sdb ndiyo ilikuwa na picha za mazishi ya mama. Sikuzipata tena. Kijana, andika lsblk kwanza, usome ukubwa wa kila diski, halafu usome tena.

fundi_makole: Pole sana mzee.

kadi_nkuhungu: Pole mzee wangu. RAM GB 4, diski GB 500, MBR. Nataka Windows ibaki. Patisheni, yaani vipande vya diski, zipo nne: ya kuwashia, C, D na ya kiwanda. Linux yenyewe nilipewa na jamaa kwenye flashi, toleo silijui.

fundi_makole: Nne! MBR inapokea patisheni kuu 4 tu. Hakuna pa kuweka ya tano mpaka uondoe moja, nafasi yake uifanye extended, yaani ya kubeba patisheni nyingine ndani yake. Lakini programu isiyo na kasoro ingekwambia, isingejifunga. Flashi hiyo siiamini. Ukitumia Debian, bonyeza Ctrl+Alt+F4 ikigoma, utaona kumbukumbu za makosa.

mwalimu_bahi: Kwa nini msiseme kizigeu badala ya patisheni? Neno lipo.

binti_kondoa: Mwalimu, ukisema kizigeu dukani watakuonyesha mbao.

mwalimu_bahi: Tusipolitumia sisi, litumiwe na nani?

mzee_ipagala: Mwalimu ana hoja. Turudi kwa kijana: Debian ya netinst, faili dogo la kuanzia kusakinisha, haifiki GB 1, Mint inakaribia 3. Angalia bando lako.

fundi_makole: Netinst inavuta mengine wakati wa kusakinisha, kwa hiyo bando linaliwa vilevile. Kwa mgeni nasema Mint. Ila kwanza endesha smartctl -a na jina la diski, uone afya yake.

kadi_nkuhungu: Nimeendesha. Reallocated_Sector_Ct ni 24, Current_Pending_Sector ni 8.

binti_kondoa: SSD. Nilisema.

fundi_makole: Hiyo 24, sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa, isipopanda inavumilika. Hiyo 8 ndiyo inanitisha, ni sehemu zinazogoma kusomeka. Hamisha mafaili yote leo.

mzee_ipagala: Hata hivyo, hizo patisheni nne bado ni kosa lenyewe.

kadi_nkuhungu: Nahamisha D sasa. Imefika nusu, imesimama kwenye folda ya kadi za mteja wa Ijumaa.