Mwalimu Minnesota, nataka kugombea Bunge la jimbo. Je, niache kazi?

Mwalimu_wa_Namba
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha hesabu sekondari ya umma huku Minnesota. Nimezaliwa Kenya, uraia wa Marekani ninao. Wazazi wa wanafunzi na walimu wenzangu wananisukuma nigombee Bunge la jimbo, hili la St. Paul, si lile la Washington. Tangu Huldah Momanyi Hiltsley achaguliwe mwaka 2024, mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuingia humo, kila harambee ninayokwenda naulizwa zamu yangu lini.

Hofu yangu ni ugali. Nyumbani sheria inamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi. Mimi nina mkopo wa nyumba na watoto wawili. Niache kazi?

Bwana_Theluji
Mwalimu, hiyo barua ya kujiuzulu usiiandike kabisa! Minnesota ina sheria inayompa mwalimu aliyechaguliwa likizo bila malipo akiwa bungeni, kisha anarudi kazini. Shida yako ni kalenda. Bunge huanza Januari au Februari na kumaliza Mei, kwa hiyo muhula wa pili wote umekwenda. Mshahara uliopangwa 2023 ni dola 51,750 kwa mwaka, na bima ya afya ipo. Kama umefundisha miaka mingi na una shahada ya uzamili, piga hesabu vizuri, huenda ukashuka.

Na walimu wanashinda. Steve Cwodzinski alifundisha somo la serikali miaka 33 pale Eden Prairie, halafu 2016 akaingia Seneti ya jimbo kwa kumwangusha David Hann, kiongozi wa chama chenye viti vichache humo.

Dada_Mpiga_Hodi
Cwodzinski alikuwa ameshastaafu, kaka. Usimlinganishe na mtu mwenye mkopo wa nyumba.

Halafu mnagawana mshahara kabla ya kura. Kuchukua fomu ni dola 100 tu, si kikwazo. Kikwazo ni chama. Kwenye maeneo ambayo DFL, ndio Democratic wa hapa, hawapingiki, mchezo huishia kwa wajumbe wa chama, na ili chama kikuidhinishe unatafuta asilimia 60 yao. Wajumbe hao huanza kupatikana kwenye vikao vya mashina mwezi Februari, baridi ikiwa kali na watu wetu wako shifti ya usiku. Ukumbi unakuta una wazee walewale. Leta watu wako, hapo ndipo wenzetu wanapotushinda. Ukikosa wajumbe, kuna kura za mchujo Agosti. Ilhan Omar alimng'oa Phyllis Kahn kwa mchujo 2016, na Kahn alichaguliwa mara ya kwanza 1972.

Nimewahi kupiga hodi kwa niaba ya mgombea. Unajiandaa kueleza bajeti ya shule, mwenye nyumba anafungua mlango nusu, huku akimzuia mbwa kwa mguu, anauliza kwa nini barabara yake haijasombwa theluji. Hiyo ni kazi ya jiji, lakini ukimjibu hivyo kura umeipoteza. Andika jina lake, mpigie mtu wa jiji, umrudie. Kila eneo lina watu kama 42,500, anza mapema.

Kijana_wa_Mbeya
Na barua pepe ya shule usiiguse kwa kampeni, wala darasani usitaje. Wapinzani watakuchimba huko kwanza.

Mwalimu_wa_Namba
Asanteni sana, ya likizo sikuijua. Jumatatu namwona mwakilishi wa chama cha walimu shuleni kwetu anisomee mkataba. Lingine: tunatafuta nyumba kubwa zaidi, tunahama kiangazi. Ina shida?

Bwana_Theluji
Ina shida kubwa! Unatakiwa uwe umeishi Minnesota mwaka mmoja, na ndani ya eneo lako la uchaguzi miezi sita kabla ya uchaguzi wa Novemba. Kila eneo la Seneti limekatwa vipande viwili, A na B, kila kimoja na kiti chake cha Bunge, ukivuka barabara moja umeshatoka. Mwambie shemeji atazame ramani kabla hamjatia sahihi.