Gumzo la familia, Magomeni: matembezi ya mjini Dar es Salaam 9 Desemba

Asha: Shikamooni wakubwa. Sikukuu ya Uhuru watoto wanataka kupelekwa mjini waone majengo ya kale. Na ndugu zetu wa Muscat watakuwa wameshafika. Tuanzie viwanja vya Mnazi Mmoja?

Mjomba Hamisi: Marahaba mama. Hapana, anzieni baharini. Mji huu uliota pale bandarini. Sultan Majid wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860, Wajerumani wakaja kujenga palepale mbele ya maji. Ukianzia Mnazi Mmoja unausoma mji kinyumenyume. Pandeni basi la mwendokasi kituo cha Magomeni Mapipa, mshuke Posta ya Zamani saa 1 na nusu asubuhi.

Baraka: Mapema hivyo siku ya mapumziko?

Shangazi Mwajuma: Ndiyo, kwa sababu ya jua. Desemba jua letu linapita upande wa kusini, na majengo ya Sokoine Drive yametazama bandarini, upande huohuo. Asubuhi kuta zote zina mwanga, picha zinatoka safi. Ingekuwa Juni, sehemu za mbele zingekuwa kivulini. Halafu ikifika saa 5 lami ya mjini inachoma, watoto watakataa kutembea. Mvua za vuli nazo zinaweza kuwa hazijaisha, kwa hiyo mwavuli mmoja kwa watu wawili.

Asha: Nimeandika. Tukishuka?

Mjomba Hamisi: Hapo hapo mna Azania Front, kanisa la Walutheri, lile la vigae vyekundu. Lilianza kujengwa 1898, likafunguliwa 1902. Mkifuata Sokoine Drive na maji yakiwa kushoto kwenu mnafika St. Joseph la Wakatoliki, 1897 hadi 1902, mnara wake umechongoka. Watoto huyachanganya, waambieni watazame mnara. Kuingia ndani muulizeni mlinzi kwanza, na kama kuna ibada ya sikukuu subirini nje iishe.

Mama Zuhura: Mabega na magoti yafunikwe. Kila mwenye kaptula fupi abebe kanga.

Mjomba Hamisi: Ahsante Mama Zuhura. Mbele kidogo, kona ya Morogoro Road, ndipo lilipo Boma la Kale. Hapo msipite haraka. Ni la 1866 na 1867, Majid alilijenga kwa ajili ya wageni wake. Wengi hulipita bila kuliona, macho yote yako kwa wauza tiketi za boti za Zanzibar. Siku ya sikukuu pale panajaa, simu ziwe mfukoni na mtoto mdogo ashikwe mkono. Waonyesheni mlango wa kuchonga, kisha unene wa ukuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa.

Baraka: Mjomba, kwa nini majengo ya namna hiyo plasta hubanduka hata baada ya kukarabatiwa?

Mjomba Hamisi: Kwa sababu fundi kapaka sementi. Jiwe la matumbawe linanyonya unyevu na chumvi. Chokaa inaupitisha unyevu utoke nje, ukuta unakauka. Sementi inaufungia ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka inadondoka kwa mabamba. Ukuta wa chokaa unatengenezwa kwa chokaa, basi. Waambieni watoto wagongegonge kwa kidole taratibu kwenye jengo lolote la zamani: palipolia kama debe tupu, plasta imeshaachia.

Asha: Hilo watalipenda. Kutoka hapo?

Shangazi Mwajuma: Pandeni hadi Mnara wa Saa, mwisho wa Barabara ya Samora. Umejengwa 1961 kwa kumbukumbu ya Dar kupewa hadhi ya jiji, tarehe 10 Desemba, siku moja tu baada ya Uhuru. Kisha nyoosheni Samora yote mpaka Sanamu ya Askari. Kwa sanamu hii sikukuu ndiyo siku yake. Siku za kazi magari hayakupi nafasi ya kuvuka hadi katikati, lakini ofisi zikifungwa mnaweza kulizunguka lote kwa utulivu. Singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Liliwekwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamesimamisha hapo sanamu ya gavana wao Wissmann, Waingereza wakaiondoa. Someni maandishi ya chini, Kiswahili kimo.

Baraka: Na bendera yetu ilipandishwa Mnazi Mmoja, sivyo?

Mjomba Hamisi: Sivyo, na wengi hukosea hapo. Ilipandishwa Uwanja wa Taifa kule Temeke, sasa Uwanja wa Uhuru, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa Kilimanjaro na mwenge na bendera. Mnazi Mmoja kuna mnara wa mwenge, na jirani yake, Mtaa wa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa 7 Julai 1954. Pawekeni mwisho, kama miguu ipo.

Mama Zuhura: Makumbusho ya Taifa je?

Shangazi Mwajuma: Kutoka kwa Askari endeleeni na Samora hadi Mtaa wa Shaaban Robert. Lilifunguliwa 1940. Muwe pale saa 4, ni kivuli na vyoo vipo. Pigeni simu siku mbili kabla kuuliza saa za sikukuu. Asha, kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA. Wa Muscat wenye pasi ya Oman watalipa kiingilio cha wageni, ni kikubwa zaidi, wasije wakashtukia dirishani. Malipo ni kwa control namba, yaani namba ya malipo ya serikali, wekeni salio kwenye simu nyumbani.

Mjomba Hamisi: Uani kuna kumbukumbu ya waliouawa kwa bomu la ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998. Hapo watoto wasikimbie. Na upande wa Ikulu, simu chini. Hakuna picha, hata ya ukuta.

Baraka: Chakula?

Mama Zuhura: Mama lishe wa Posta hawapo ofisi zikifungwa. Bebeni chapati na maji, lita moja kila mtu. Wakitaka samaki wa kukaanga, waende Feri, soko la samaki.

Asha: Sawa. Kadi ya mwendokasi naiongezea hela leo jioni. Nani ana mwavuli wa ziada?