Taya linakaza, kichwa kinabana: masaji, fizio au kraniosakro?

Mpole77: Wakuu habari zenu. Mwezi wa tatu huu naamka taya limekaza kama nilikuwa natafuna usiku kucha, maumivu yanapanda kwenye mapanja yanazunguka mpaka kisogoni, jioni nikitoka kwenye kompyuta shingo haigeuki. Daktari wa meno kasema meno mazima ila nasaga nikiwa usingizini. Sasa kuna masaji ya kawaida, kuna fizio wa taya (mtaalamu wa tiba ya viungo), na kuna hii kraniosakro ya kushikwa kichwa taratibu. Sitaki mtu wa kuninyonga shingo. Waliopitia nisaidieni.

BintiUtulivu: Kraniosakro nimeenda mara 4. Unalala chali na nguo zako, anaweka mikono chini ya kisogo, mguso mwepesi mno, wenyewe wanasema kama uzito wa gramu 5, anatulia hapohapo muda mrefu. Mimi nilikuwa napitiwa na usingizi kabisa, natoka kichwa chepesi, siku mbili taya linarudi palepale.

Kiungo_Fizio: Nafanya kazi ya fizio, nawaona wengi wa hivi. Kraniosakro ilianzishwa na John Upledger wa Marekani miaka ya 1970, wanasema mifupa ya fuvu inacheza na wao wanausikia mdundo wake, lakini wakipimwa wawili kwa mgonjwa mmoja kila mtu anahesabu mdundo wake, kwa hiyo maelezo hayo mimi siyakubali. Kutulia unatulia kweli, hilo sibishi. Ila wewe shida yako ipo kwenye misuli ya kutafuna, bana meno uguse shavu utausikia ukituna, na mwingine upo panjani. Fizio wa taya anavaa glavu anaingiza kidole ndani ya shavu anaulegeza pole pole, na mnakubaliana kabla kwamba ukiinua mkono anaacha, maana kuongea huwezi. Halafu kuna kazi ya mchana, midomo imefungwa, meno hayagusani, ulimi umepumzika juu nyuma ya meno ya mbele. Bila hiyo hata ukandwe kila siku itarudi.

Babu_Mkandaji: Masaji ya kawaida inasaidia mabega na shingo ya nyuma, taya wengi hawaligusi. Mimi niliomba nikandamizwe zaidi, kesho yake kichwa kiliniuma kuliko mwanzo. Na mbele ya shingo pale mapigo yanaposikika mtu asikubonyeze kabisa.

Mpole77: Asante mzee wangu. Je dawa za maumivu? Nameza karibu kila siku.

Kiungo_Fizio: Hapo umenishtua. Dawa hizo za kawaida zikifika siku 15 kwa mwezi, tena miezi inapita, zenyewe zinaanza kuleta kichwa, muone daktari kabla hujalipia masaji yoyote. Na haya hayasubiri mkandaji: kichwa cha ghafla kikali kuliko vyote, ganzi au udhaifu upande mmoja, kuona mbilimbili, homa na shingo ngumu, au umepita miaka 50 na panja linauma hata ukichana nywele.

Mpole77: Hayo sina. Nitaanza na daktari halafu fizio.

Kiungo_Fizio: Sawa. Panua mdomo, vidole vyako 3 vimesimama vinaingia?

Mpole77: Viwili tu, cha tatu kinagoma.

Kiungo_Fizio: Usikilazimishe. Mwambie fizio hivyo hivyo siku ya kwanza, ndipo atakapoanzia kupima.