Interferoni inazima VVU maabara, kwa nini hatupewi?

BintiSengerema:
Wakuu, naombeni ufafanuzi. Kaka yangu anatumia TLD, kile kidonge cha ARV cha kila siku, na kipimo cha wingi wa virusi kinasoma havionekani. Juzi kanitumia video, jamaa anasema seli za kinga za binadamu zikiwekewa interferoni, VVU vinashindwa kuzaliana. Kaka amechoka kumeza kidonge kila usiku, anauliza kama anaweza kuhamia huko. Ni kweli au ni kikombe kingine cha Loliondo?

MzeeWaMaabara:
Binti, huyo jamaa hakudanganya, kakata habari katikati tu.

Interferoni mwili unaitengeneza wenyewe. Hata ukishikwa na mafua ipo kazini. Isaacs na Lindenmann waliitambua London mwaka 1957. Seli ikiipata huwasha jeni zake za ulinzi. Moja inatoa tetherini, protini inayovishika virusi vipya kwenye utando wa seli visitoke kwenda kwa jirani. Nyingine, MX2, inavizuia kuingiza jeni zao kwenye kiini. Kwa hiyo ukitangulizia interferoni kwenye seli za sahani ya maabara ndipo ulete virusi, maambukizi yanashuka kweli, hasa kwenye makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu.

VVU navyo havikulala. Vina protini zao: Vpu ya kuiondoa tetherini, na Vif ya kuiharibu APOBEC3G, mlinzi mwingine. Na mwili si sahani. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa nyani waliopewa interferoni, wakaletewa SIV, ndugu wa VVU. Mwanzo iliwakinga. Walipoendelea kuchomwa, miili ikaacha kuiitikia, na CD4 zao, seli za kinga ambazo virusi hushambulia, zikapungua haraka kuliko za wenzao wasiochomwa.

Halafu sisi Wakenya hii sinema tulishaiona. Mwaka 1990 Rais Moi alitangaza Kemron, dawa ya UKIMWI ya KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, chini ya Dkt. Davy Koech. Ilikuwa nini? Interferoni alfa, kiasi kidogo mno, ya kumung'unya mdomoni. Nilikuwa mwanafunzi wa maabara Nairobi. Watu wa kwetu walikuwa wananiulizia Kemron kana kwamba natembea nayo mfukoni. Baadaye ikapimwa dhidi ya dawa bandia, Uganda wakiwemo, na faida haikuonekana.

NesiWaZamu:
Naongezea: interferoni ya sindano tuliitumia kwa homa ya ini aina ya C. Homa, mwili kuuma, chembe za damu kushuka, wengine sonona kabisa. Kaka analalamikia kidonge kimoja?

BintiSengerema:
Asanteni. Ila kwenye video anataja wagonjwa walioacha ARV wakabaki na sindano, virusi vikatulia. Huyo naye vipi?

MzeeWaMaabara:
Huo ni utafiti wa Marekani, ulichapishwa 2013. Walianza kwa kuongeza interferoni ya kila wiki juu ya ARV, ndipo ARV zikasimamishwa, madaktari wakiwafuatilia kwa karibu. Baada ya wiki 12 karibu nusu yao walibaki chini ya nakala 400 za virusi kwa mililita ya damu. Kwa mtafiti ni habari kubwa, maana inaonyesha njia ipo. Lakini hesabu nusu ya pili: hao virusi viliwapanda. Kaka yako sasa hivi haonekani na virusi, tena bila sindano. Kama usiku unamchosha, amuulize daktari wake kuhusu kuhamishia TLD asubuhi, hilo linazungumzika.

BintiSengerema:
Nimemsomea. Kanuna, ila kaitafuta kadi ya kliniki. Miadi ni Jumatatu.