Tunaunda chama cha walezi wa watoto: kanuni za maadili tuziandike vipi zisibaki karatasi?

mlezi_isingiro

Habari za kazi, ndugu zangu. Tuko walezi 23 kutoka makao manne ya watoto na vituo viwili vya michezo, Isingiro na Mbarara, Uganda. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, kwa kuwa watoto wengi wametoka Kongo kupitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Wachache wetu wana diploma ya ustawi wa jamii. Waliobaki ni mama walezi, wasimamizi wa mabweni na vijana wa michezo.

Tuna rasimu ya kanuni za maadili, kurasa mbili: "mwanachama ataheshimu utu wa mtoto", "mwanachama atatunza siri", "mwanachama hatatumia vibaya nafasi yake". Kila mtu ameikubali bila swali hata moja, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mtoto akimweleza mlezi wa zamu jambo zito saa nne usiku, kurasa hizo hazimwambii mlezi afanye nini. Halafu wapo wanaotaka mkurugenzi wa makao mojawapo awe mwenyekiti, kwa sababu ana ofisi na printa.

Tusajiliwe wapi, tuandike nini, na kamati ya maadili ipewe nguvu kiasi gani?

katiba_kwanza (Kampala)

Ndugu mlezi, nianze na usajili. Sheria ya NGO (mashirika yasiyo ya kiserikali) ya 2016 inaviruhusu vikundi vya jamii, yaani CBO, kusajiliwa wilayani kwa kamati inayosimamia NGO. Mlango wa kuingilia ni ofisa wa maendeleo ya jamii, CDO, wa subkaunti yenu. Kwa kawaida mtaombwa katiba, muhtasari wa kikao cha kuchagua viongozi, orodha ya wanachama yenye sahihi, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Angalieni hapa: kwa sheria hiyo CBO ni ya ngazi ya subkaunti na kushuka chini. Ninyi mko wilaya mbili. Mkitaka kusema kwa niaba ya walezi wa wilaya zote mbili, njia ni kuandikisha kampuni ya dhamana isiyo na hisa pale URSB, ofisi ya serikali ya kusajili kampuni, kisha kuomba cheti na kibali cha NGO, na kufanya makubaliano na kila wilaya mnayofanyia kazi. Gharama na makaratasi ni zaidi. Ningeanza na subkaunti moja, katiba ikiwa imeandikwa tangu mwanzo kwa namna ya kuweza kukua.

Msichanganye chama cha taaluma na chama cha wafanyakazi. Mshahara, likizo na kufukuzwa kazi vina sheria yake ya 2006 ya vyama vya wafanyakazi. Chama chenu kinasema kazi yenyewe ifanyweje na nani hafai kuifanya. Wenzenu wenye diploma ya ustawi wa jamii waingie pia NASWU, chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii, ambacho ni mwanachama wa shirikisho lao la kimataifa, IFSW, wapate sauti pande zote mbili.

Tena, tafadhali, akiba na mikopo viwe kikundi kingine, akaunti nyingine, viongozi wengine. Mtu anayedaiwa na mweka hazina hawezi kumlalamikia mweka hazina huyo kwa kamati ya maadili. Vikundi vinakufa hapo.

Kuhusu mkurugenzi kuwa mwenyekiti, hapana. Walalamikiwa wengi watakuwa waajiriwa wake, na siku nyingine atakuwa yeye mwenyewe. Wakurugenzi na wenye makao wawe wanachama washiriki, wahudhurie mafunzo, wasipige kura na wasikae kwenye kamati ya maadili. Printa mtachapishia mjini.

bi_tausi_arua

Rasimu yenu si mbaya, shida yake ni vitenzi visivyoshikika. "Ataheshimu" haina saa, haina daftari, haina mtu wa kupokea taarifa.

Kwa mpangilio, kanuni za walezi wa Amerika Kaskazini zilizotoka 1995 zinagawa wajibu sehemu tano: kwa nafsi yako, kwa mtoto na familia yake, kwa mwajiri, kwa taaluma, na kwa jamii. Ninaupenda mgawanyo huo kwa sababu matatizo ya kweli hutokea pale sehemu mbili zinapogongana, na mara nyingi ni mwajiri na mtoto. Kwa hiyo andikeni sentensi moja isiyo na mlango wa nyuma: mwajiri akisema "tusiharibu jina la makao", wajibu kwa mtoto unatangulia.

Sasa ile saa nne usiku. Mlezi akae chini, macho yake yawe usawa wa macho ya mtoto, mlango ukiwa wazi kidogo na mlezi mwenzake akiwa karibu bila kusikia. Asikilize. Swali ni moja tu: "Niambie, kulitokea nini?" Asiulize "Ni mjomba aliyekugusa?" Swali la namna hiyo linampa mtoto jibu, na mahakamani wakili atasema mlezi ndiye aliyemfundisha. Asimhoji mara ya pili wala kumwita mwenzake aje kusikia tena. Polisi na daktari watamuuliza, na kila kurudia kunamuumiza mtoto na kubadilisha maneno yake.

Mtoto akishatulia, mlezi aandike usiku huohuo. Tumieni daftari la jalada gumu lenye kurasa zilizopigwa namba kwa mkono, ili karatasi ikichanwa ijulikane. Kalamu ya wino, tarehe, saa, nani alikuwepo. Maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyasema, kwa lugha aliyosema, ndani ya alama za kunukuu. Mtoto akisema "alinifanyia tabia mbaya", andika hivyohivyo, usitafsiri kuwa "alinajisiwa". Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno lisomeke bado, weka sahihi pembeni. Wino mweupe marufuku. Maoni yako, kama unayo, yaende aya tofauti yenye kichwa "Maoni ya mlezi".

Kama ni shambulio la kingono, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia VVU huanzishwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Za kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Mtoto asiogeshwe wala kubadilishwa nguo kabla ya kuonwa na mganga. Kama amekwisha kubadilisha, nguo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki unashika unyevu, nguo zinaoza na ushahidi unaharibika. Polisi hutoa fomu PF3A, ya uchunguzi wa kitabibu wa aliyeshambuliwa kingono, lakini matibabu hayangoji fomu, mwende kituo cha afya kwanza ikibidi. Mlezi aliyeaminiwa na mtoto ndiye amsindikize, zamu yake ashike mwingine.

Taarifa iende kwa ofisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya au polisi, kitengo cha watoto na familia. Simu ya bure ya kuripoti ukatili kwa watoto ni 116, Sauti. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yanawalazimisha waganga, wafanyakazi wa ustawi wa jamii, walimu na madiwani kutoa taarifa. Mama mlezi hatajwi kwa jina la kazi yake, na ndiyo sababu kanuni zenu zimfunge: taarifa ndani ya saa 24, na mkurugenzi aarifiwe baada ya taarifa kutolewa au wakati uleule, kamwe si badala yake. Namba hizo zibandikwe ndani ya jalada la daftari.

Na kama mtuhumiwa ni mfanyakazi wa makao, yeye ndiye aondoke zamu. Makao mengi yanamhamisha mtoto bweni. Watoto wengine wanaliona hilo, wanajifunza kwamba anayesema ndiye anayeadhibiwa, na hamtasikia tena neno lolote kutoka bweni lile.

faili_na_picha

Bi Tausi ameshasema makubwa, mimi niongeze ya kila siku, maana ndiko watu wanakoteleza.

Picha. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi wa kisheria kabla ya kukusanya taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Ridhaa iwe ya picha ile kwa matumizi yale, maana sahihi iliyowekwa siku ya kupokelewa haiwezi kufunika kila kitu hadi mtoto afikishe miaka 18. Mtoto mwenyewe aulizwe pia, na akikataa imekwisha. Kabla ya kutuma, tazameni vitu vinne: beji ya shule kwenye sweta, bango la makao nyuma, jina kwenye daftari lililo mezani, na alama ya mahali ambayo simu huiweka ndani ya picha. Zimeni hiyo ya mwisho kwenye mipangilio ya kamera. Simu ya kupigia picha iwe ya ofisi, si ya mlezi, na kundi la WhatsApp la wafanyakazi lisiwe kabati la picha za watoto.

Wageni na wafadhili: hakuna mgeni anayebaki na mtoto peke yake, hakuna kumtoa mtoto nje ya geti bila ruhusa ya maandishi, zawadi zinapitia ofisini na kugawiwa wote. Zawadi ya siri kwa mtoto mmoja, hata ikiwa soda tu, ni dalili ya kuandika kwenye daftari.

Adhabu: marekebisho ya 2016 yalipiga marufuku viboko shuleni. Kanuni zenu zipeleke katazo hilo hadi bwenini, na zitaje kwa jina: kiboko, kupigisha magoti, kunyima chakula, kunyima simu ya nyumbani. Msipotaja, kila mtu atasema yake haikuwa adhabu.

Na geti. Makao yaliyoidhinishwa hupokea mtoto wa dharura kutoka kwa polisi kwa saa 48 wakati amri ya muda ya mahakama ikisubiriwa, na amri ya malezi yenyewe haizidi miaka mitatu. Mwanachama wenu asipokee mtoto kwa barua ya mchungaji au ombi la shangazi peke yake. Na asishiriki kamwe kutafuta watoto vijijini ili kujaza vitanda. Mtoto mwenye bibi anayeweza kumlea akisaidiwa karo na unga si wa makao.

mlezi_isingiro

Asanteni sana, nimeyabeba yote. Mawili bado. Mtoto akisema "usimwambie mtu" kabla hajaanza kueleza, mlezi ajibu nini? Na familia zikishamalizana kwa ng'ombe au pesa, zikaja kutuomba tuwe mashahidi?

bi_tausi_arua

La kwanza: asiahidi. Aseme, "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia, na nitakwambia ni nani kabla sijawaambia." Wengine watanyamaza hapo. Mwacheni, kaeni naye, mwambieni mlango uko wazi, andikeni kwamba alitaka kusema. Ahadi ya siri ikivunjwa, mtoto hatawaamini tena ninyi wala mtu mwingine.

La pili: kunajisi mtoto chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Kesi hiyo haiishi kwa LC1, mahakama ya LC haina mamlaka nayo, na wazazi hawana haki ya kuiuza. Andikeni kifungu hiki: mwanachama hahudhurii kikao cha fidia, haweki sahihi ya ushahidi, hapokei wala hahifadhi pesa hiyo, na akiona kikao kama hicho anatoa taarifa. Mwanachama akiombwa "aje tu kusalimia wazee", jibu ni hapana, kwa sababu kuonekana kwake pale kutaelezwa kama baraka ya makao. Mwambieni anayeomba kwamba chama kinakataza. Hapo kanuni zinamsaidia mlezi pia, haonekani kama anayekataa wazee kwa kiburi chake mwenyewe.

katiba_kwanza (Kampala)

Nimalizie swali la nguvu za kamati. Afrika Kusini mlezi wa watoto na vijana anasajiliwa kisheria na SACSSP, baraza la taaluma za huduma za jamii, na baraza linaweza kumfuta. Chama chao, NACCW, kilichoanza 1975, ni kitu tofauti na baraza. Sisi Uganda hatuna baraza la walezi, kwa hiyo kamati yenu inaweza kumwonya mtu, kumsimamisha au kumtoa chamani, lakini haiwezi kumzuia asiajiriwe makao ya jirani kesho.

Basi iandikwe hivi. Kamati ya watu watano, wasizidi wawili kutoka makao yoyote, angalau mmoja awe nje ya kazi hii, kwa mfano muuguzi au mwalimu mstaafu. Anayetoka makao ya mlalamikiwa anajiondoa kwenye shauri. Malalamiko yapokewe kwa maandishi au kwa mdomo, yapewe namba ndani ya siku 3, mlalamikiwa apelekewe nakala na apewe siku 14 za kujibu, uamuzi utoke ndani ya siku 45, rufaa iende kwa watu watatu wapya. Mtoto asiletwe mbele ya kamati.

Shauri likinusa jinai, kamati inatoa taarifa polisi na probesheni siku hiyohiyo, kisha inanyamaza. Isihoji, isikusanye ushahidi, isimwite mtuhumiwa "kumsikiliza kwanza". Akishajua anachunguzwa, shahidi mtoto anatishwa na simu inafutwa. Kumsimamisha uanachama kunaweza kufanyika bila kumhoji juu ya tukio.

Na kwa kuwa hamwezi kumfuta mtu kwenye kazi, andikeni juu ya barua za sifa. Mwanachama haandiki barua ya kumsifu mtu aliyeacha kazi wakati shauri lake liko wazi. Makao wanachama wakubaliane kumpigia simu mwajiri wa mwisho kabla ya kuajiri, wadai cheti cha tabia njema cha polisi, na waulize swali moja kwa maneno haya: "Ungemwajiri tena kufanya kazi na watoto?" Jibu liandikwe kwenye faili, pamoja na jina la aliyejibu na tarehe. Akisitasita, andikeni pia kwamba alisitasita.